Rafu ya Wasiosemezana

Ijumaa, 1 Novemba

Mpwa wangu,

Msimamizi wa jengo amesema leo saa tatu asubuhi kwamba chumba changu cha barabarani kimechukuliwa na mwenye duka la dawa wa hapo jirani, na kwamba mimi na michezo yangu ya ubao na karata tunahamia ghorofa ya pili, upande wa nyuma, kuanzia kesho. Alisema akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, kwa hiyo najua alikuwa anaona aibu. Sikumkatisha.

Chumba cha juu si kibaya. Kina madirisha mawili na meza zangu sita zinaenea. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayepita huko. Kuna mlango wangu, choo na tangi la maji. Mwenye duka la dawa anakitaka nacho, aweke maboksi. Nilipopinga, msimamizi alifikiri kidogo, akanipa mpaka Jumamosi tarehe 30, saa sita mchana. Nikimwonyesha daftari lenye majina arobaini ya watu tofauti, waliopanda ngazi na kucheza kwangu mchezo mmoja hadi mwisho, ataniandikia mkataba wa mwaka. Yasipofika, basi. Maneno yake ni haya: "Chumba kisicho na watu ni stoo, mzee wangu, hata ukikipaka rangi."

Nimekaa na duka hili miaka kumi na mmoja. Kabla yake nilitengeneza cherehani miaka ishirini, na naweza kurudi huko. Sina ugomvi na cherehani, ila haijawahi kunichekesha hata siku moja.

Wewe unawatengenezea watu tovuti. Nitengenezee na mimi. Usinipigie simu kwa jambo hili, maana kwenye simu watu hukubali mambo ambayo hawajayaelewa. Niandikie.

Mjomba wako


Jumamosi, 2 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Barua pepe yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Natengeneza! Mwaka huu nimetengeneza tovuti ya wauza vigae, ya wauza mabomba na ya kliniki ya meno ambayo daktari wake alitaka kila ukurasa uwe na picha ya jino. Hakuna hata moja niliyoitaka kama hii. Jana nilichora ukurasa wa kwanza nyuma ya karatasi ya mkutano, huku bosi anaongea.

Nahitaji vitu vinne haraka. Orodha ya michezo yote. Picha za chumba kipya, zipigwe mchana, na ngazi ziwemo. Jinsi unavyoipanga michezo kwenye rafu. Na sheria za duka, kama unazo.

Nitaweka fomu ya mtu kujiwekea meza kabla hajaja. Anajaza jina, siku, saa na idadi ya watu, wewe unaona kila kitu hukohuko juu. Arobaini? Tutawapita, Mjomba. Utatafuta daftari la pili.

Mama nimemwambia. Akasema "mh", akaendelea kukunja nguo. Ile "mh" yake unaijua.

Mpwa wako


Jumanne, 5 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumehama. Viti na meza tumevipandisha mimi na mshonaji wa chini, anayesema sasa namdai… hapana, yeye ndiye ananidai, suruali moja, kwa sababu ya kwake ilipasuka kwenye kidato cha kumi na tisa cha ngazi. Vidato viko thelathini na kimoja. Chuma cha kushikilia kinaishia cha ishirini na nne; saba vya mwisho mtu anapanda kwa imani. Andika hivyo, watu wasije wakashtuka.

Picha zimo, amepiga mshonaji. Ile yenye kidole usiitumie.

Michezo ni mia moja na kumi na miwili, orodha nimeiambatanisha. Rafu hazifuati alfabeti. Ya kwanza kutoka mlangoni ni ya Wawili Wasiosemezana: michezo ya kimya, ambayo mtu anaweza kumaliza bila kumwambia mwenzake zaidi ya "zamu yako". Inayofuata ni Mama Mkwe Anakuja Siku Tatu, mirefu, ya heshima, isiyo na kuibiana. Chini yake kuna Mdogo Hulia Akishindwa. Upande wa dirisha kuna Mtu Anayejua Kila Kitu, yote ni ya dadu tupu, kwa kuwa dadu haijali mtu anajua nini. Halafu kuna Nimeachwa Wiki Hii, ya mchezaji mmoja, na Mmoja Wao Hataki Kuweka Simu Chini, ambapo zamu hurudi kila baada ya sekunde tano. Zilizobaki utaziona kwenye orodha.

Sheria ni moja ileile ya chini, nimeipaka upya ukutani huku kwa rangi nyekundu: HAPA HATUMWACHII MTU ASHINDE. Nataka na kwenye tovuti iwepo.

Mjomba wako


Jumamosi, 9 Novemba

Mjomba!

Iko hewani! Tangu saa mbili asubuhi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuliona duka lako. Nimekuwekea kiungo hapo chini, kibonyeze, halafu ukae kitako ndipo uangalie.

Nimetumia picha ya meza ya dirishani mwanga ukiwa umeangukia dadu. Mshonaji ana jicho, mwambie. Ngazi nimezichora kama ubao wa mchezo, kidato kwa kidato, na kwenye cha ishirini na nne kuna maandishi "chuma kimeishia hapa, kaza moyo". Watu watapenda.

Ile orodha yako ya rafu nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Nimeachwa Wiki Hii! Mjomba wewe ni noma. Ila mteja wa kwenye mtandao hutafuta kwa maneno anayoyajua, kwa hiyo nimeipanga upya kitaalamu: Michezo ya Mikakati, Michezo ya Karata, Michezo ya Watoto, Michezo ya Familia. Safi, inaeleweka. Sheria yako ya ukutani nimeiweka chini kabisa, herufi ndogo, ilikuwa kali kidogo kwa ukurasa wa kwanza.

Fomu ya meza inafanya kazi, nimeijaribu mwenyewe. Ingia kwenye ukurasa wako na neno la siri nililokutumia, utawaona waliojiandikisha.

Niambie wakianza kumiminika!

Mpwa wako


Jumatano, 13 Novemba

Mpwa wangu,

Watu kumi na wawili waliojiandikisha kwa meza ya tatu leo saa nane mchana hawakuja.

Nilikuwa nimejiandaa. Meza ya tatu ina viti vinne, kwa hiyo nilishuka kwa mshonaji kuazima vinane. Alinisaidia kupandisha, huyu mwenye suruali. Niliunganisha meza mbili, nikachagua mchezo wa bandari kwa kuwa unachukua watu wengi, nikapanga kete za rangi kumi na mbili. Saa nane na nusu nilisema wamepotea njia, nikashuka barabarani kuwatazamia. Saa tisa na robo mshonaji akaniambia nikae.

Majina yao nimeyanakili kama yalivyo: Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, mpaka Mteja wa Tisa. Bwana Jaribio. Bibi Jaribio. Na mmoja anaitwa Aaaa. Hao wa mwanzo nilidhani ni watu wasiotaka wake zao wajue. Huyu Aaaa nilidhani ni mgeni kutoka mbali.

Daftarini nina wanne. Wa nne alikuwa anatafuta choo. Nilimwonyesha, na alipotoka akacheza mchezo mmoja hadi mwisho, kwa hiyo nimemwandika. Zimebaki siku kumi na saba.

Mjomba wako


Jumatano, 13 Novemba, jioni

Mjomba,

Hao ni mimi. Wote kumi na wawili. Fomu huwa tunaijaribu kwa kuandika majina ya uongo kuona kama inapokea, halafu tunayafuta. Sikuyafuta. Nilikuwa na furaha nyingi, nikafunga kompyuta, nikaenda kumsimulia kila mtu.

Aaaa ni kidole changu kwenye herufi moja.

Nimekaa hapa nakuona unapandisha viti vinane vidato thelathini na kimoja, nataka kuzama chini ya meza. Nisamehe. Nimeyafuta yote sasa hivi, na sitajaribu tena kwenye orodha yako. Nimekuwekea pia alama: kila jina litakuwa na tarehe na saa lilipoandikwa, na namba ya simu, ili ujue ni mtu wa kweli.

Wanne kwa wiki nzima hawatoshi, na hilo si kosa la ngazi. Kuna kitu nimekikosea kwenye tovuti na bado sijakiona. Watu wakija wanasema nini?

Mpwa wako mwenye aibu


Ijumaa, 15 Novemba

Mpwa wangu,

Nimekwisha kusamehe, ila mshonaji bado. Sasa kila mteja wake akichelewa kufuata nguo anamwita Bwana Jaribio.

Umeuliza wanasema nini. Nakupa wawili, uamue mwenyewe.

Jumanne alipanda mwanamke, ameshika simu, tovuti yako iko wazi. Akaniambia anataka mchezo wa mikakati. Nikamuuliza atacheza na nani. Akaangalia simu, akasema, "Haikuniuliza." Akatazama rafu kidogo, akashukuru, akashuka. Hakukaa.

Jana alikuja dereva wa lori, hana habari na tovuti, katumwa na mshonaji. Kabla hajavuta pumzi akasema, "Mzee, mke wangu amesafiri, na mama yake anaingia leo saa kumi, siku tatu, mimi na yeye tu ndani." Nikamwonyesha rafu. Akasoma kibao, akacheka hadi akakaa chini. Akacheza na mimi mchezo wa reli hadi mwisho, akaununua. Leo asubuhi amerudi, nyuma yake mama mkwe, amepanda vidato vyote bila kushika chuma, anauliza kama kuna mrefu zaidi ya ule. Wote wawili wamo daftarini. Mama mkwe alinifunga vibaya sana.

Rafu zangu hukuzielewa. Ulidhani ni mzaha. Watu wakija hapa hawaji na jina la mchezo kichwani, wanakuja na mtu fulani kichwani. Nami huwa nawauliza huyo.

Tuna sita.

Mjomba wako


Jumapili, 17 Novemba

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Nimebomoa kila kitu!

Ijumaa nilisoma barua yako kwenye foleni ya benki, nikaacha foleni. Ukurasa wa kwanza sasa hauna menyu, hauna picha inayozunguka, hauna chochote ila swali moja kubwa katikati: UTACHEZA NA NANI? Chini yake ziko rafu zako zote, kwa maneno yako, sijagusa hata nukta. Ukibonyeza Mama Mkwe, inakuletea michezo saba na kitufe cha kuweka meza. Ukibonyeza Nimeachwa Wiki Hii, maandishi yanaongezeka ukubwa yenyewe, kwa sababu mtu aliyelia macho yanamuuma. Hilo ni wazo langu na najivunia.

Nimekula mkate mkavu siku mbili na sijawahi kufurahia kazi hivi.

Jana nilimpa mama simu anipimie kama mtu wa umri wake anasoma vizuri. Alifungua rafu ya Wawili Wasiosemezana. Akaisoma polepole, yote. Halafu akashuka chini kabisa, kule nilikoificha sheria yako ya ukutani. Akauliza, "Hii ameandika yeye?" Nikasema ndiyo. "Lini?" Nikasema mimi nimeiona pale kama miaka minne. Akakaa nayo, kisha akanirudishia simu, akasema herufi ni ndogo mno.

Nimezikuza. Sasa sheria iko juu, nyekundu kama ukutani.

Lakini Mjomba, mlikosana nini? Nikimuuliza anasema, "Muulize yeye." Miaka minne napeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Mpwa wako


Alhamisi, 21 Novemba

Mpwa wangu,

Jina la ishirini na tatu limeandikwa leo saa kumi jioni. Narudia: ishirini na tatu. Jumatatu walikuja wawili, Jumanne watano, jana sita, leo wanne. Leo wote wanne waliingia wakitaja rafu kabla hata ya salamu. Kuna ndugu wawili wanaoshiriki ukuta mmoja wa nyumba na hawajaongea tangu mmoja alipotoboa msumari ukatokea upande wa pili. Walikaa saa mbili na nusu. Wakiondoka, mkubwa alisema, "Zamu yako," akamfungulia mwenzake mlango. Walimu watatu wamemleta mwalimu mkuu kwenye rafu ya Anayejua Kila Kitu bila kumwambia inaitwaje. Kaona kibao mwenyewe, kawatazama mmoja mmoja, kisha kakaa kuwaonyesha inavyochezwa.

Mshonaji alipanda kulalamika kwamba tunapiga kelele juu ya kichwa chake. Ni wa kumi na tisa.

Nimeuza michezo mingi kuliko mwezi uliopita, lakini hilo silo ninaloamka nalo. Naamka najiuliza leo atapanda nani.

Sasa la mama yako. Umeuliza kwa maandishi, nakujibu kwa maandishi.

Baba yako alipofariki, nilianza kwenda kwenu kila Jumapili kucheza drafti na mama yako. Alikuwa akinifunga. Wiki baada ya wiki, miaka mitatu. Alikuwa akicheka akinifunga, na siku hizo hakuwa akicheka kwa jambo jingine. Jumapili moja nilisogeza kete vibaya mno, hata asiyejua angeona. Akanitazama. Akauliza, "Tangu lini?" Sikutaka kuongeza uongo juu ya uongo. Nikasema tangu msiba. Akasema, "Kwa hiyo sijashinda hata mara moja."

Alikunja ubao, akatia kete zake ndani, akaniwekea mikononi, akanifungulia mlango. Wewe ulikuwa chuo. Kesho yake nilipaka ile sheria ukutani. Ubao uko kwenye rafu ya kwanza, hauuzwi.

Usimwambie nimekuandikia. Na usije ukajaribu kutupatanisha, mama yako hapendi kufanyiwa mambo nyuma ya mgongo. Hilo nimelijua kwa gharama.

Mjomba wako


Jumatatu, 25 Novemba

Mjomba,

Nimeisoma. Sitamwambia kitu, si langu kusema. Asante kwa kuniambia.

Sasa kaa chini! Yule mwalimu mkuu amepiga picha kibao chako na kukituma kwenye kundi la walimu wakuu, akiandika "Nimejikuta hapa." Tangu Ijumaa tovuti imefunguliwa mara elfu mbili na mia tatu. Jumamosi iligoma kabisa kwa dakika arobaini, nikahama seva nikiwa na dawa ya meno mdomoni. Bosi ameiona. Hakunigombeza, ameuliza kama wauza vigae nao wanaweza kuwekewa swali.

Nimeangalia hesabu ya fomu lakini majina siyafungui, ni orodha yako. Umefika wangapi? Usiniandikie barua ndefu, niandikie namba tu. Hapana, niandikie ndefu.

Mama mzima. Kaniuliza basi la asubuhi la Jumamosi linaondoka saa ngapi, eti anakwenda kutafuta kitambaa cha mapazia. Mapazia tuliyabadilisha mwezi wa saba. Nimemwambia saa kumi na mbili kamili.

Mpwa wako


Alhamisi, 28 Novemba

Mpwa wangu,

Msimamizi wa jengo amehesabu daftari leo saa nane mchana, kwa kidole, akitoa sauti. Wamefika thelathini na tisa.

Angekuwa wa arobaini mwenyewe, na hapo ndipo tulipobishana. Alipanda na futi ya kupimia, akisema anapima tu, mwenye duka la dawa amemuuliza urefu wa ukuta. Meza ya dirishani ilikuwa na mtu mmoja anayesubiri mwenzake. Msimamizi akasimama nyuma yake. Akasema, "Hiyo usiisogeze hapo." Baada ya dakika tano alikuwa amekaa. Baada ya saa moja kofia ilikuwa sakafuni na futi ameikalia. Alishindwa, akadai marudio, akashindwa tena. Nikamsogezea daftari. Akalitazama kama hati ya polisi, akasema, "Mimi sihesabiwi. Mimi mtu wa jengo." Nikamwambia amecheza hadi mwisho. Akasema, "Mzee wangu, nikijiandika mwenyewe na keshokutwa nikajihesabu mwenyewe, hiyo itakuwa hesabu gani?" Ana haki. Sikubishana zaidi. Lakini ukuta hakuupima.

Kwa hiyo nahitaji mmoja. Kesho meza zote zimejaa, ila nimepitia majina na wote ni wa marudio, na jina halihesabiwi mara mbili. Anaweza kutokea mpita njia, lakini vidato thelathini na kimoja havina wapita njia.

Jumamosi asubuhi kuna nafasi moja tu iliyowekwa, na ndiyo sababu ya barua hii. Mimi hufungua orodha ya siku mbili mbele, si zaidi, kwa hiyo nimeiona leo. Nakuandikia kama ilivyo.

Jina: Mteja Mmoja. Idadi: 1. Saa nne asubuhi. Rafu: Wawili Wasiosemezana. Mpinzani: mwenye duka. Maelezo zaidi: "Acheze kweli. Nitajua."

Namba ya simu siijui.

Mpwa wangu, nilikuomba usitupatanishe. Niliyokuandikia tarehe 21 nilikuandikia wewe. Kama hili ni jaribio lingine, nalifuta kesho asubuhi, na sitakasirika. Ila viti sipandishi tena kwa mtu asiyekuwepo.

Mjomba wako


Alhamisi, 28 Novemba, saa kumi na moja jioni

Mjomba, usifute!

Si mimi. Naandika haraka, vidole vinagongana. Orodha yako nimeifungua sasa hivi, nisamehe.

Angalia ile alama niliyokuwekea, kando ya jina. Imeandikwa Jumatano tarehe 20, saa moja na dakika kumi asubuhi. Wewe ulinisimulia tarehe 21. Siku ile fomu ilipojazwa mimi nilikuwa sijui habari ya drafti wala ya Jumapili wala ya kete. Ningeandikaje "acheze kweli"?

Na hiyo namba ni ya mama. Alibadilisha mwaka juzi.

Amejiwekea nafasi mwenyewe, Mjomba. Siku nne baada ya kusoma sheria yako. Jina hilo la Mteja nadhani amelitoa kwangu, nilimsimulia ule mkasa wa watu kumi na wawili akacheka hadi akatoka machozi. Na lile basi la Jumamosi, na yale mapazia! Nimekaa naye nyumba moja wiki nzima na sikushtuka.

Habari ya arobaini anaijua, nilimwambia tangu tarehe mbili. Habari kwamba amebaki mmoja haijui, na mimi simwambii. Utaamua wewe.

Fomu inasubiri uthibitishe. Ukibonyeza kitufe cha kijani itamtumia ujumbe nilioutunga. Au andika wako.

Mpwa wako


Ijumaa, 29 Novemba

Kwa Mteja Mmoja,

Dada, shikamoo.

Tovuti ina ujumbe wake wa kuthibitisha, mwanao aliutunga vizuri. Nimeufuta, nakuandikia mwenyewe.

Nafasi yako imepokelewa. Mlango ni wa pembeni, si wa barabarani. Pale pa zamani sasa ni duka la dawa. Vidato ni thelathini na kimoja na chuma kinaishia cha ishirini na nne. Najua goti lako la kulia. Sitakuja kukushika mkono, usije ukasema nimeanza mapema.

Nakwambia na jambo hili ili lisiwe limefichwa. Majina yamefika thelathini na tisa. Msimamizi wa jengo anakuja kuhesabu saa sita mchana, na asubuhi nzima hakuna mwingine aliyejiandikisha ila wewe. Jina huandikwa mchezo ukiisha. Ukiinuka katikati, sitaliandika, hata chumba kikijaa maboksi. Kwa hiyo usicheze kwa kunihurumia, na usikae kwa kunihurumia. Sheria ya ukutani inanihusu mimi kwanza, na ndiyo maana niliiandika, lakini inawahusu wote wanaoingia.

Ubao ni uleule. Kete moja nyeusi ilipotea tulipohama, badala yake nimeweka kifungo cha koti alichonipa mshonaji. Wewe utachukua nyeupe na utaanza.

Nitacheza kweli. Sijacheza kweli na wewe kwa miaka saba, na tangu jana jioni sijui hata nitaanza kwa kete ipi.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba, saa nne kamili asubuhi, meza ya dirishani.

Mdogo wako,
mwenye duka